Siku 36 Kabla ya Kura: Kisa cha Vitambulisho vya Estonia, 2017

Jumatano ya tarehe 30 Agosti 2017, mamlaka inayosimamia mifumo ya habari ya serikali ya Estonia, ijulikanayo kwa kifupi kama RIA, ilipata taarifa kutoka kwa watafiti wa nje ya nchi. Chipu iliyomo ndani ya vitambulisho vya taifa ina kasoro. Mtu mwenye kompyuta za kutosha anaweza kukokotoa ufunguo wa siri wa raia, yaani namba iliyofichwa ndani ya chipu ambayo kadi huitumia kutia saini, bila kuigusa kadi yake, bila kujua namba yake ya siri, bila hata kukaa nchi moja naye.

Kadi zilizokuwa na chipu hiyo zilikaribia 750,000, katika nchi ya watu milioni 1.3 hivi, kama robo ya wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umeshatangazwa: kura za karatasi zingefikia kilele Jumapili ya tarehe 15 Oktoba, na kura za mtandaoni zingefunguliwa tarehe 5. Kutoka taarifa hadi kura ya kwanza, siku 36.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa vijana ninaowafundisha kazi ya mifumo ya serikali mtandao, na kila mara mtu huuliza swali lile lile: kwa nini hawakuzima tu? Swali ni zuri. Lakini kwanza lazima ujue ni nini kingezimika.

Kadi hiyo hufanya nini

Estonia ilianza kutoa kitambulisho chenye chipu mwaka 2002. Kwa sura ni kadi ya kawaida, picha upande mmoja na chipu ya dhahabu kama ya kadi ya benki. Mwenye nayo hupewa namba mbili za siri. Ya kwanza, yenye tarakimu nne, ni ya kujitambulisha: unachomeka kadi kwenye kisomaji, unabonyeza namba, mfumo unajua ni wewe. Ya pili, ya tarakimu tano, ni ya kutia saini, na saini hiyo kisheria ina uzito sawa na ya wino. Hati ya mkataba, ritani ya kodi, kusajili kampuni, kuona rekodi zako za hospitali, daktari kuandika dawa ambayo utaichukua duka lolote la dawa kwa kuonyesha kitambulisho chako: vyote hupita hapo. Nyuma yake kuna mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya idara za serikali, X-Road, uliowashwa mwaka 2001, ambao idara zake hazirundiki taarifa mahali pamoja. Kila idara hutunza zake, na nyingine huomba.

Kisha kuna kura. Mwaka 2005 Estonia ilijaribu kura ya mtandaoni kwenye uchaguzi wa mitaa, na watu zaidi ya 9,000 tu ndio walioitumia. Mwaka 2007 ikawa nchi ya kwanza duniani kuitumia katika uchaguzi wa bunge. Kufikia uchaguzi wa bunge wa 2015, kura zaidi ya 176,000, yaani takriban tatu katika kila kumi, zilipigwa kwa njia hiyo.

Utaratibu wenyewe ni wa bahasha mbili, kama kura ya posta. Programu kwenye kompyuta yako inaifungia kura ndani ya bahasha ya kwanza, isiyo na jina, ambayo ni ufunguo wa tume ya uchaguzi pekee unaoweza kuifungua. Bahasha hiyo inatiwa ndani ya nyingine, na juu yake wewe unatia saini kwa kadi yako. Wakati wa kuhesabu, bahasha ya nje huondolewa na ya ndani huchanganywa na wenzake. Unaweza kupiga tena na tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa; ukienda kituoni wakati wa upigaji kura wa mapema ukapiga kwa karatasi, ya karatasi inafuta ya mtandaoni. Hii ndiyo dawa yao dhidi ya bosi au mume anayesimama nyuma ya kiti chako: mridhishe, kisha akiondoka piga upya.

Angalia sasa saini iliyo juu ya bahasha ya nje. Ufunguo unaoitia saini hiyo ndio ule ambao watafiti walisema unaweza kukokotolewa.

Kasoro yenyewe

Usalama wa ufunguo wa aina ya RSA, ile iliyotumika kwenye kadi hizi, unasimama juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi analifahamu. Chukua namba tasa mbili uzizidishe: 11 mara 13 ni 143. Mpe mtu 143 umwambie atafute zilikotoka. Atahangaika kidogo, atazipata. Sasa fanya kila namba tasa iwe na tarakimu mia tatu na ushee. Kuzizidisha bado ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kurudi nyuma kutoka kwenye jibu kunashinda kompyuta zote tulizo nazo. Jibu la hesabu hiyo ndilo ufunguo wa wazi, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuona. Namba mbili zilizolizaa ni siri, na hazitoki ndani ya chipu.

Sharti lake ni kwamba namba hizo ziokotwe kwa kubahatisha kabisa. Hapo ndipo palipoharibika. Kutafuta namba tasa kubwa ni kazi inayochosha chipu ndogo, kwa hiyo maktaba ya programu ya Infineon, kiwanda cha Ujerumani kilichotengeneza chipu, ilitumia njia ya mkato: namba zote zilizaliwa kutokana na kanuni moja yenye umbo maalumu. Zilionekana za kubahatisha, kumbe zilikuwa ukoo mmoja. Ni kama fundi makufuli anayekuapia kwamba kila ufunguo anauchonga upya, kumbe ana kalibu moja nyuma ya duka na anabadilisha meno mawili matatu. Mwizi akishaijua kalibu, hana haja ya kujaribu funguo zote za mjini.

Walioigundua walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, pamoja na wenzao. Hawakuipasua chipu wala hawakuona programu yake, kwani ilikuwa siri ya kiwanda. Walikusanya funguo za wazi kwa wingi, wakazichunguza kama mtu anayechunguza chapa za vidole, wakaona zile za chipu hii zina alama yake. Kuitambua alama hiyo huchukua muda usiofika sekunde. Kuuvunja ufunguo wa ukubwa uliotumika Estonia kulihitaji, kwa makadirio yao, hadi miaka 140 ya kazi ya kiini kimoja cha kompyuta katika hali mbaya kabisa. Ukigawanya kazi kwa viini elfu moja, ni kama siku hamsini. Kwa bei ya kukodi kompyuta wakati huo, ufunguo mmoja ungegharimu kati ya dola 20,000 na 40,000.

Kinachonikera hapa ni vyeti. Chipu ile ilikuwa na ithibati ya usalama ya ngazi za juu, na wakaguzi walishapita na kuondoka. Serikali ya Estonia iliponunua kadi, ilinunua pia karatasi inayosema kadi ni salama. Na hata baada ya tatizo kugunduliwa habari haikukimbia: watafiti walikiarifu kiwanda mwanzoni mwa Februari 2017, na RIA ikapata taarifa mwishoni mwa Agosti, kutoka kwa watafiti wenyewe. Miezi saba hiyo mnunuzi alikuwa gizani.

Siku sita za kunyamaza, kisha kusema

Kati ya tarehe 30 Agosti na tarehe 5 Septemba wataalamu wa Estonia walithibitisha kwamba jambo ni la kweli. Tarehe 5, Jumanne, Waziri Mkuu Jüri Ratas na mkurugenzi mkuu wa RIA, Taimar Peterkop, wakaketi mbele ya waandishi wa habari na kulisema. Walitaja idadi ya kadi. Walitaja tarehe ambayo kadi zenye chipu hiyo zilianza kutolewa, 16 Oktoba 2014, ili kila mtu ageuze kadi yake aone kama yumo. Walisema hakuna kadi wanayoijua iliyovunjwa. Na walisema suluhisho bado halijapatikana.

Hilo la mwisho ndilo ninalowasomesha wanafunzi kwa kulirudia. Niliwahi kukaa katika chumba cha mikutano cha ofisi moja ya umma, asubuhi tulipogundua kuwa taarifa za watu zilikuwa zinasomeka na asiyehusika. Amri ya kwanza haikuwa kuziba tundu. Ilikuwa: simu zote mezani, na habari hii isitoke humu ndani. Tundu lilizibwa siku ya nne. Watu wenye taarifa zao hawajaambiwa mpaka leo. Kwa hiyo ninapomwona waziri mkuu anasimama na kusema "tuna ugonjwa na dawa hatuna," siwezi kulichukulia kama jambo la kawaida.

Siyo kwamba walikuwa malaika. Watafiti walikuwa wameshasema wangechapisha kazi yao vuli ile ile, kwa hiyo siri ilikuwa na tarehe ya kufa. Ratas mwenyewe alikuwa mahali pabaya kisiasa. Chama chake, Chama cha Kati, kilikuwa kwa miaka mingi ndicho chenye mashaka makubwa na kura ya mtandaoni. Wapiga kura wake wengi, hasa wazee na wasemaji wa Kirusi, walipendelea karatasi. Akiifuta kura ya mtandaoni, wapinzani wangesema ametumia chipu kama kisingizio. Akiiacha, na kikatokea kitu, angekuwa mtu aliyeonywa. Chama cha EKRE, cha mrengo mkali wa kulia, kilitaka ifutwe. Uamuzi ulikuwa wa kamati ya taifa ya uchaguzi, nayo ikaamua iendelee.

Msomaji wa Kiswahili anaikumbuka wiki hiyo kwa jambo jingine. Tarehe 1 Septemba 2017, siku nne kabla ya mkutano ule wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais. Moja ya yaliyowaudhi majaji ni kwamba tume ya uchaguzi ilikuwa imeamriwa itoe nafasi ya kuona seva zake na haikutekeleza ipasavyo. "Fungua seva" ikawa kauli ya mitaani. Tofauti kati ya visa hivi viwili ni kubwa, kwani kule Kenya kura yenyewe ilikuwa ya karatasi na mashine zilihusika na utambuzi na matokeo. Ila wiki ile, nchi mbili zisizofanana kwa lolote zilikuwa zinaulizwa swali la aina moja: mtu wa kawaida ataaminije kitu asichoweza kukiona?

Kamari ya kamati

Hoja ya kuendelea ilikuwa ya gharama. Ukitaka kuiba uchaguzi kwa kasoro hii lazima uvunje funguo nyingi, na kila mmoja ni maelfu ya dola. Zidisha kwa laki kadhaa, utapata fedha ambazo hakuna mwizi atakayezitoa kwa ajili ya kumpata meya. Zaidi ya hapo, serikali iliifunga hifadhi ya funguo za wazi, ambayo kabla ya hapo mtu yeyote angeweza kuipekua. Mwizi asiye na ufunguo wa wazi hana cha kuanzia hesabu yake.

Kuifunga hifadhi kulikuwa na maana. Hesabu ya gharama ndiyo inayonitatiza. Uchaguzi wa mitaa hauamuliwi kwa laki. Katika manispaa ndogo za Estonia kiti cha diwani kinaweza kuamuliwa kwa kura chache sana, na hamsini zinatosha kubadilisha sura ya baraza. Funguo hamsini, kwa dola 20,000 kila mmoja, ni dola milioni moja. Ni fedha nyingi mno kwa diwani wa kijijini; kwa taifa jirani linalotaka tu kuonyesha kwamba mfumo wa Estonia unavunjika, ni fedha ya karanga. Na Estonia inamjua jirani yake, Urusi. Mwaka 2007, baada ya serikali kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovyeti kutoka katikati ya Tallinn, tovuti za benki, magazeti na wizara zilipigwa kwa wiki kadhaa na mafuriko ya maombi ya uongo.

Mtu wa aina hiyo angefanyaje? Asingemgusa mpiga kura mwenye bidii, kwa sababu huyo angepiga tena na kufuta kura ya wizi. Angetafuta wasiopiga kura kabisa. Angesubiri jioni ya mwisho, tarehe 11 Oktoba, dakika chache kabla ya kufungwa, atie kura zake. Estonia ina njia ya kuhakiki tangu 2013: baada ya kupiga kura unaelekeza kamera ya simu kwenye msimbo ulio kwenye skrini, na ndani ya nusu saa unaweza kuthibitisha kwamba seva imepokea ulichochagua. Njia nzuri sana, kwa mtu aliyepiga kura. Asiyepiga hana msimbo wa kuelekezea simu.

Siamini kwamba hilo lilitokea. Ninachosema ni kwamba hoja ya kamati ilihusu bei ya kuiba, wakati swali zito lilikuwa la ushahidi. Saini iliyotiwa kwa ufunguo uliokokotolewa haina tofauti hata ya nukta moja na saini ya mwenyewe. Ukiizuia mapema, sawa. Ukichelewa, hakuna mtaalamu wa maandishi utakayemwita mahakamani aseme mkono huu siyo wake.

Wako Wazungu waliolikataa jambo hili tangu mwanzo kwa sababu hii hii. Tarehe 3 Machi 2009, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema mashine za kupigia kura zilizotumika mwaka 2005 zilikiuka katiba, kwa kuwa raia lazima aweze kuzifuatilia hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu. Uholanzi ilikuwa imeshaziondoa zake, baada ya wanaharakati kuonyesha mwaka 2006 jinsi zinavyochezewa. Norway ilijaribu kura ya mtandaoni mwaka 2011 na 2013, kisha ikaacha. Kwa mahakama ile ya Ujerumani, wakala wa chama aliyekaa kwenye benchi akihesabu karatasi kwa macho chini ya taa ya karabai ana kitu ambacho profesa wa hisabati hawezi kumpa: amejionea.

Waestonia nao walikuwa wameonywa. Mwaka 2014 kikundi cha wachunguzi, akiwemo J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoangalia uchaguzi wa mwaka uliotangulia, kilishauri kura ya mtandaoni isimamishwe. Moja ya mambo waliyoyaonyesha lilitoka kwenye video za tume yenyewe: nenosiri la Wi-Fi limebandikwa ukutani, wazi kabisa, na kamera inapita. Serikali ilijibu kwamba mfumo una kinga nyingine. Kila ninapoionyesha picha hiyo darasani watu hucheka, kisha mmoja hunyamaza. Huyo ni yule ambaye ofisini kwao karatasi kama hiyo ipo.

Basi kura ikapigwa. Kati ya tarehe 5 na 11 Oktoba kura 186,034 zilihesabiwa kwa njia ya mtandao, asilimia 31.7 ya kura zote, rekodi mpya kwa uchaguzi wa mitaa. Ule wa 2013 ulikuwa na takriban 133,800. Mwezi mzima wa habari za kadi mbovu haukuwafukuza watu. Chama cha Kati, kile chenye mashaka, kilipata viti 40 kati ya 79 vya baraza la jiji la Tallinn.

Usiku wa Ijumaa

Tarehe 16 Oktoba, siku moja baada ya uchaguzi, habari za kasoro zikatangazwa kwa dunia nzima, na jina la kiwanda likatajwa. Wiki mbili hivi baadaye maelezo kamili ya kihisabati yakatoka kwenye kongamano huko Dallas. Sasa njia haikuwa tena ya watafiti peke yao. Slovakia ilikuwa na kadi zenye tatizo hilo hilo. Hispania na Austria pia ziliguswa. Ila hakuna kati yao iliyokuwa imetundika maisha ya kila siku kwenye kadi kama Estonia.

Dawa ilikuwa imepatikana, na hapa bahati ilichangia. Kasoro ilikuwa kwenye utengenezaji wa funguo za RSA tu. Chipu ile ile ilijua pia aina nyingine ya hesabu, ya mikunjo duaradufu, ambayo haikuguswa. Na kadi ziliweza kuboreshwa kutoka mbali: unachomeka kadi kwenye kompyuta yako, unafungua programu, unabonyeza, kadi inazaa funguo mpya na kupokea vyeti vipya, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba funguo hizo ni zako. Hakuna haja ya kuchapisha kadi laki saba na nusu.

Tatizo likawa foleni. Watu walipoambiwa waboreshe, walifika wote kwa pamoja, mtandaoni na kwenye ofisi za polisi na uhamiaji ambako vitambulisho hutolewa. Mfumo wa kuboresha ukaelemewa. Ulikuwa unakaa mbele ya skrini, mstari unasogea, unasimama, kisha ujumbe: imeshindikana, jaribu baadaye. Serikali ikaamua kwamba usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Novemba, vyeti vya kadi zote zenye kasoro ambazo hazijaboreshwa visimamishwe. Wakati huo idadi ya kadi zilizoguswa ilitajwa kuwa 760,000. Ratas alieleza kwamba nchi ya kidijitali inasimama juu ya imani, na serikali haiwezi kuvumilia utambulisho wa raia kuibiwa.

Nafasi za kuboresha kwanza zikatengwa kwa watu wapatao 35,000 ambao kazi zao hazisogei bila kadi, madaktari wakiwa mstari wa mbele. Fikiria daktari wa familia Jumatatu asubuhi, mgonjwa wa shinikizo ameketi mbele yake, na dawa haiandikiki kwa sababu kadi ya daktari imelala. Kadi yenyewe bado ilikuwa halali kama kitambulisho cha mkononi na hati ya kusafiria Ulaya. Kilichokufa ni mkono wake wa kutia saini.

Waliokuwa na njia ya pili hawakuhangaika. Tangu 2007 kulikuwa na kitambulisho cha simu, ambacho funguo zake zimo ndani ya laini maalumu ya simu; chipu yake ilikuwa nyingine, kasoro haikuigusa. Kadi zilizotolewa kabla ya Oktoba 2014 nazo zilikuwa salama. Hili halikuwa matokeo ya mpango wa busara wa kujihami. Ni historia tu, chipu ilibadilishwa katikati ya safari na simu zikaja kwa mlango wake. Lakini ndilo lililoifanya nchi iendelee kupumua wikendi ile. Nchi nyingi zinazonunua mifumo ya utambulisho leo zinasifiwa kwa kuunganisha kila kitu kwenye kadi moja, chipu moja, mzabuni mmoja.

Kufikia mwisho wa Machi 2018 karibu kadi nusu milioni zilikuwa zimeboreshwa, nyingi kati yake nyumbani kwa watu, na vyeti vya zilizobaki vikafutwa. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa watu ambao hawajawahi kuitumia kadi kwenye kompyuta hata mara moja. Nadhani hawakusikia lolote.

Nani alilipa

Kadi zilikuwa zimeuzwa kwa Estonia na Trüb ya Uswisi, iliyonunuliwa mwaka 2015 na Gemalto iliyokuwa na makao Uholanzi. Septemba 2018 bodi ya polisi na walinzi wa mpaka ikaishtaki Gemalto ikidai hadi euro milioni 152. Dai kubwa halikuhusu kasoro ya Infineon. Wakati wa kuchimba chimba, Waestonia walikuwa wamegundua jambo jingine: funguo za siri za baadhi ya kadi zilitengenezwa nje ya chipu, kwenye mashine za kiwanda, kisha zikaingizwa ndani, kinyume cha mkataba. Ufunguo ambao hautakiwi kutoka ndani ya kadi ulikuwa umezaliwa nje yake. Februari 2021 pande mbili zilipatana. Gemalto ikalipa euro milioni 2.2.

Kadi za kizazi kilichofuata, zilizoanza kutolewa Desemba 2018, zilitoka IDEMIA ya Ufaransa. Mkenya analijua jina hilo: ni kampuni ile ile, chini ya jina lake la awali, iliyouza vifaa vya kielektroniki vya uchaguzi wa 2017. Dunia ya wauza vitambulisho ni kijiji kidogo.

Mwaka 2023, zaidi ya nusu ya kura za uchaguzi wa bunge la Estonia zilipigwa mtandaoni.

Na zile 186,034 za Oktoba 2017? Sheria ya uchaguzi ya Estonia inataka kura za mtandaoni ziharibiwe, pamoja na ufunguo wa kuzifungulia, mwezi mmoja ukishapita tangu siku ya uchaguzi na malalamiko yakishaamuliwa. Kwa hesabu hiyo, muda wake ulitimia katikati ya Novemba, watu wakiwa bado wamepanga foleni kwenye ofisi za polisi, kadi mkononi, wakisubiri funguo mpya.